Yasiyoingia Katika Kumbukumbu za Kikao

Mimi ndiye karani. Naandika nani amehudhuria,
nani ametoa udhuru, nani ameunga mkono hoja.
Kila mwananchi dakika tatu.
Saa ya jikoni niliyoitoa nyumbani, ile yenye umbo la yai,
ndiyo inayowanyamazisha.

Usiku ule wa Februari theluji ilifika madirishani,
nusu ya kata yetu ya Michigan ikaja, viti havikutosha.
Waliosimama makoti yao yalidondosha maji sakafuni,
maji yasiyo na kibali cha mtu.

Akatangulia mwanasheria wa kampuni.
Akasema "rasilimali." Akasema lita elfu moja na mia tano
kila dakika si kitu, ardhi hii ni sifongo.
Nikaandika: *Aliwasilisha maombi ya kituo cha pampu.*
Sikuandika kwamba alikuja na chupa zake,
akatupangia mezani kama peremende za watoto,
wala kwamba bomba la ukumbi liko hatua sita tu.

Aune Rautio, miaka sabini na tisa, mpishi mstaafu wa shule,
akalaza mezani fimbo yenye alama za kisu
na madaftari kumi na manne.
"Kila alfajiri, chini ya daraja la kijito cha Wren.
Mwaka wa kwanza maji yalinifika gotini.
Sasa yananiishia kifundoni,
na mimi sijarefuka."
Watu wakacheka. Kicheko hakina safu kwenye fomu yangu.

Gorski, mchimba visima, alisahau hotuba yake yote.
Alisimama dakika tatu kamili, kiganja wazi,
kama anayengoja kumiminiwa kitu.
Yai likalia. Akasema asante, akaketi.
Nikaandika: *Bw. Gorski alizungumza.*

Na Odessa Pettway, aliyeendesha gari saa mbili na nusu
kutoka mji ambao mabomba yake yana risasi:
"Nanunua katoni kumi kwa wiki. Namwogeshea mtoto.
Kijito chenu nilikijua kwa lebo
kabla sijakiona kwa macho."
Hakuongeza neno. Dakika mbili zilibaki
na hakuna aliyezitaka.

Katika sheria zetu kuna neno amana.
Nimelipiga chapa mara nyingi bila kulisikia.
Amana: mali ya mtu asiyekuwepo,
iliyo mikononi mwako, si mfukoni mwako.
Na huyu mwenyewe, nikafikiri, hajasafiri.
Hajazaliwa tu. Siku akija kuidai
atamkuta nani hapa, na risiti gani?

Mlango wa nyuma alisimama mwanangu Wendell,
sare ya kiwandani, kofia mkononi.
Anasimamia mashine ya vifuniko zamu ya usiku.
Nyumba yake ina mkopo, mkopo una miaka ishirini na mbili.
Hili nalo halikuingia.

Kura: wawili ndiyo, wawili hapana.
Karani hupiga mwisho.
Nikajisikia nikisema, nikajiona nikiandika,
*Karani: hapana,*
mwandiko umelala upande kama nyasi baada ya mafuriko.
Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa unafungwa.

Kampuni imekata rufaa. Kesi inasogea
kwa mwendo wa barafu ya Machi.
Wiki tatu Wendell hakunipigia simu, kisha jana
nikakuta kibarazani katoni ya chupa ishirini na nne.
Hakuna barua. Sijui ni tusi au ni salamu,
na namjua tangu tumboni.

Niliibeba hadi darajani. Nikafungua moja baada ya moja,
vifuniko nikavitia mfukoni, maji nikayarudisha.
Aune alikuwa chini, fimbo mkononi, akinitazama.
"Hayo hayatabadilisha kipimo," akasema.
Kisha akalamba ncha ya penseli,
akayaandika.